Mwambie mwenyewe, usimwandikie status

Na Zuhura Makame

Ndugu wakigombana siku hizi, mtaa mzima unajua kupitia simu. Dada ameandika kwenye status yake ya WhatsApp kuhusu "watu wanaokula kwako kisha wakakusema". Wifi amesoma, naye amejibu kabla ya magharibi. Hakuna aliyetajwa, na wote wameumia.

Wapo wanaosema vijembe ni mila yetu. Ni kweli. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina, na kwa jina hilo bibi zetu wa pwani wamesemezana miaka na miaka. Lakini aliyejifunga kanga ya kumsema jirani alipita mlangoni kwake, akaonekana kwa macho. Aliyesemwa alikuwa na njia: atafute kanga ya kujibu, aende kuuliza, au amtume mtu mzima. Mambo yakizidi, wakubwa waliwaita wote wawili wakawakalisha. Status haina mkubwa. Inasomwa na mkwe, bosi na mtoto wa shule kwa pamoja, inafutika baada ya saa 24, na aliyeumia akiuliza anaambiwa, "Kwani nimekutaja?"

Jibu hilo linaniudhi kuliko kijembe chenyewe, maana linamfunga mwenzako mdomo na kumwachia uchungu wake.

Hata sheria inataka watu wasikilizane. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka wanandoa, isipokuwa katika hali chache, wapitie baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani, na huko kila mmoja apewe nafasi ya kusikilizwa. Ni utaratibu mzuri. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi huja kusikilizana mara ya kwanza pale barazani, wakati mapenzi yameshakwisha.

Ukiwa na jambo, taja kitendo. "Juzi kwenye kikao cha harusi ulisema sijachanga, nami nilishachanga. Imeniuma." Hapo mtu anaweza kueleza, au akaomba radhi. Ukimwambia, "Kawaida yako kunidharau," umemwachia matusi tu ya kukujibu. Hasira ikiwa bado inachemka, usimnunie. Mwambie mtazungumza kesho, na kesho uende kweli. Akiwa ni mkweo au shangazi, mtume mtu wa rika lake.

Ndugu msomaji, kama wiki hii kuna mtu unamsema kwa mafumbo, mpigie leo umweleze mwenyewe.