Kazi ya Wanafunzi Isichaguliwe kwa Macho ya Wageni

Kila mwaka shule zetu hutafuta kazi moja ambayo wanafunzi wataifanya kwa faida ya kijiji. Desturi hii ni njema, wala hatutaki ikome. Twapinga jambo moja tu, nalo ni namna kazi yenyewe inavyochaguliwa. Katika shule nyingi haichaguliwi kwa haja ya wanakijiji, bali kwa macho ya mgeni. Yasikika kwamba mkubwa fulani atakuja siku fulani. Basi watoto watafagia njia atakayopita, watapaka chokaa mawe ya kando, watapanda miche mbele ya ofisi, na picha zitapigwa. Mgeni akiisha kuondoka, kazi nayo imekwisha. Wahenga walisema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tazama habari za miche. Kupanda miti ni kazi njema, maana nchi isiyo na miti huchukuliwa udongo wake na mvua. Lakini mti una majira yake. Huko Kilimanjaro na Tanga mvua za masika hunyesha tangu Machi hata Mei. Bali Dodoma na Singida mvua huanza Novemba au Desemba, na mwezi wa Aprili huwa zaelekea kwisha. Mwalimu wa Singida akipanda miche mwishoni mwa Aprili, kwa kuwa ndipo mgeni ajapo, je, ameipanda au ameizika? Akijibu kwamba watoto watainywesha, na tufanye hesabu. Miche 100, kila mmoja ukipewa lita 5 mara mbili kwa juma, yataka lita 1,000, yaani madebe 50 kila juma. Nani atayachukua kichwani? Ni watoto wale wale, tena kutoka kisima kile kile ambapo mama zao hungoja zamu tangu alfajiri. Hapo msaada umegeuka kuwa mzigo, na yule anayesaidiwa ndiye anayelipa gharama.

Tena iko hasara kubwa kuliko miche iliyokauka. Mtoto ana macho. Akiona kwamba walimu na wazazi hushughulika siku ya mgeni tu, atajifunza kuwa kutumikia watu maana yake ni kuonekana ukiwatumikia. Somo hilo halimo katika kitabu cha shule, lakini atalishika kuliko hesabu. Naye akiwa mkubwa atazindua visima visivyo na maji.

Basi, kazi ichaguliwe kwa njia gani? Twajibu: kwa kuuliza. Kuuliza si ujinga. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho katika mji wa London, kikaua watu wapata 600. Waganga wengi wa siku zile walishika kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow hakuridhika na maneno ya barazani. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza wafu walikuwa wakinywa maji ya wapi. Akaona kwamba wengi walitumia pampu moja, ile ya Broad Street. Aliwaeleza wakuu wa mtaa, nao wakauondoa mpini wake. Kilichomwongoza ni maswali yake kwa watu wenyewe.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1973 hapa Tanzania ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapata milioni 2 walishiriki. Kwa majuma 12 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kila kikundi kilizungumza, kikaamua la kufanya mahali pake: hapa kuchimba vyoo, pale kufyeka majani na kufukia madimbwi. Watu walishika majembe kwa sababu shauri lilikuwa lao.

Kwa hiyo twashauri hivi. Wanafunzi wakubwa watumwe wawili wawili, wakae na akina mama kisimani, na wazee barazani, na mhudumu wa zahanati, wawaulize kwa adabu ni taabu gani inayowasumbua kila siku. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Majibu yaandikwe, kisha yapimwe kwa maswali matatu. Je, taabu hii ni ya wengi, au ya mwenye sauti kubwa? Je, mikono ya watoto yaiweza pasipo hatari? Je, wanafunzi wa darasa la saba wakiisha kuondoka, nani ataitunza kazi? Kazi isiyo na jibu la swali la tatu, afadhali isianzwe.

Pengine majibu yataonyesha chemchemi ambayo ng'ombe hunywa pale pale watu watekapo. Wazazi wajenge ua, watoto wachimbe mfereji mdogo ili mifugo inyweshwe upande wa chini, tena wote wakubaliane kutopanda mikaratusi karibu, maana hunywa maji mengi. Au pengine yataonyesha wazee wasioweza kusoma karatasi za dawa zao. Mtoto mmoja kwa mzee mmoja, kila Jumamosi: kazi hii haitaki hata senti moja, wala haipigiwi picha.

Wako watakaosema, "Watoto huja shuleni kusoma, si kufanya vibarua." Twakubali. Ndiyo sababu kulima shamba la mwalimu au kumchotea maji si utumishi wa kijiji, wala kusiitwe hivyo. Lakini Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka. Na mtoto anayehesabu ndoo zinazotekwa kisimani kwa siku, anasoma hesabu.

Wengine watasema, "Kazi ndogo namna hii haitaonekana." Ataiona mama ajazaye mtungi maji safi. Ataiona mzee anywaye dawa yake kwa kipimo chake. Hao ndio wenye haki ya kuihukumu kazi yetu.

Basi, walimu wenzetu, nanyi wazazi, kabla ya kuandika jina la kazi ya mwaka ujao, nendeni kwanza kisimani mkaulize.