Mzee aliyekataa kupanda farasi



Kila mwaka, tarehe 12 Septemba, Kanisa hukumbuka Jina Takatifu la Maria. Wengi wenu mwajua kwa nini sikukuu hiyo ilienea duniani kote. Mwaka 1683 mji wa Vienna ulizingirwa na jeshi kubwa la Waturuki, na wenyeji walikuwa karibu kukata tamaa. Tarehe 12 Septemba mfalme Jan Sobieski wa Polandi akashuka mlimani pamoja na majeshi ya wakristo walioungana naye, akauokoa mji. Kwa kumshukuru Mungu, Papa Inosenti XI akaamuru sikukuu ile, iliyokuwa ikiadhimishwa mahali mahali tu, isherehekewe katika Kanisa lote. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iliondolewa katika kalenda, kisha ikarudishwa katika Misale ya mwaka 2002, wakati wa Papa Yohane Paulo II, mwana wa Polandi.

Habari za mfalme Sobieski husimuliwa mara nyingi mashuleni. Lakini mti hausimami bila mizizi. Leo twapenda kuwaeleza habari za babu wa mama yake, mzee ambaye siku yake ya mwisho hakushinda, bali alishindwa vibaya, hata adui wakamkata kichwa. Jina lake ni Stanisław Żółkiewski. Tumemchagua kwa sababu kuna swali moja linalowasumbua wababa wengi wanapozeeka: Mtu ambaye kazi yake imeharibika machoni pake aweza kuwaachia watoto wake nini?

Stanisław alizaliwa mwaka 1547 katika kijiji cha Turynka, karibu na mji wa Lwów. Leo mji huo huitwa Lviv, nao umo katika nchi ya Ukraini. Wakati ule ulikuwa katika ufalme wa Polandi, ambao mwaka 1569 uliungana na Lituania kuwa dola moja, yenye mfalme mmoja na baraza kuu moja. Mfalme wa dola hiyo hakurithi kiti chake, bali alichaguliwa na mabwana wa ukoo bora. Mabwana hao walikuwa na haki nyingi kuliko wenzao wa nchi nyingine, na jukumu lao la kwanza lilikuwa kulinda mipaka. Kule kusini, Watatari wa Krimu walikuwa wakiingia mara kwa mara, wakichoma vijiji na kuwateka watu ili wauzwe utumwani.

Kijana Stanisław alisoma Lwów. Akajifunza Kilatini hata akakijua sana, akapenda vitabu vya Warumi wa kale. Kisha akaingia katika utumishi wa Jan Zamoyski, aliyekuwa Kansela wa ufalme na tena Hetmani Mkuu, yaani jemadari wa majeshi yote. Mwaka 1588, katika vita vya Byczyna, alipigwa risasi gotini, na tangu siku hiyo alichechemea mpaka kufa kwake. Mwaka uo huo akafanywa Hetmani wa pili, msaidizi wa Zamoyski. Zamoyski alipofariki mwaka 1605, watu walidhani Żółkiewski atawekwa mahali pake mara moja. Haikuwa hivyo. Mfalme Sigismund III aliliacha jina la Hetmani Mkuu bila mtu muda wa miaka 13. Muda huo wote Żółkiewski alifanya kazi ya mkuu, akiwa na cheo cha msaidizi. Ni wangapi kati yetu wangeendelea na kazi namna hiyo bila kulegea?

Alimwoa Regina Herburt, wakazaa watoto watatu: Jan, Katarzyna na Zofia. Akaanzisha mji, akauita Żółkiew, na ndani yake akajenga kanisa zuri la Mtakatifu Laurenti, ambalo limesimama hata leo. Regina ndiye aliyetunza nyumba na mashamba, kwani bwana wake alikuwa karibu siku zote katika kambi za mpakani.

Msidhani tunamweka altareni. Kanisa halikumtangaza kuwa mtakatifu, nasi hatuna ruhusa ya kuficha makosa yake. Mwaka 1596 alitumwa kuwatiisha Wakozaki walioasi chini ya Nalyvaiko. Aliwazingira mahali paitwapo Solonytsia, wakasumbuliwa na njaa na kiu, mwisho wakamtoa kiongozi wao na kuomba amani. Lakini walipokuwa wakisalimisha silaha, askari wa hetmani waliwarukia na kuwaua wengi, hata wanawake na watoto waliokuwa kambini. Mkuu hawezi kusema: «Mkono uliofanya si wangu». Damu ile imeandikwa katika hesabu yake. Uchungu uliobaki kati ya Wakozaki na Wapolandi ulizaa vita vingine vibaya zaidi baada ya yeye kufa.

Sasa tufike mwaka 1610, mwaka wa sifa yake kubwa. Mfalme Sigismund alikuwa anafanya vita na Urusi, akiuzingira mji wa Smolensk. Żółkiewski hakuipenda vita hiyo, lakini alitii. Jeshi kubwa la Warusi likaja kuuokoa mji, pamoja na askari wa kukodiwa wa mataifa mengi walioongozwa na jemadari wa Uswidi, De la Gardie. Wote pamoja walikuwa kama 35,000. Hetmani alikuwa na watu wasiofika 7,000, karibu wote wapanda farasi wenye mikuki mirefu, na mizinga midogo miwili tu. Akawaongoza usiku, katika njia nyembamba ya msituni, na alfajiri ya tarehe 4 Julai akawashambulia adui karibu na kijiji cha Klushino. Ua wa miti uliwazuia farasi. Wakapita mapengoni, wakarudi, wakaenda tena mara nyingi, mpaka ile mizinga miwili iliyochelewa njiani ikafika na kuubomoa ua. Baada ya saa chache Warusi walikimbia, na wengi wa wale askari wa kukodiwa wakafanya mapatano na hetmani.

Njia ya Moscow ikawa wazi. Mabwana wa Moscow walikuwa wamemwondoa mfalme wao Vasily Shuisky, tena walitaka amani. Hapo ndipo Żółkiewski alipofanya jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko ushindi wake. Badala ya kuwatwisha nira, aliketi nao, akapatana nao. Mwezi wa Agosti 1610 walikubali kumpokea Władysław, mwana wa Sigismund, kijana wa miaka 15, awe mfalme wao. Naye hetmani akaapa kwamba dini yao ya Kiortodoksi italindwa na sheria za nchi yao zitaheshimiwa. Mji ukafunguliwa bila kupigwa risasi, na hetmani akawabana askari wake sana wasiwadhulumu wenyeji.

Lakini mfalme Sigismund hakukubali. Hakutaka mwanawe atawale Moscow. Alitaka kiti hicho kiwe chake mwenyewe. Tazameni taabu ya mtumishi mwaminifu! Kwa upande mmoja, kiapo alichowapa watu waliomwamini. Kwa upande mwingine, amri ya bwana wake. Żółkiewski akaondoka Moscow, akaenda mpaka kambi ya Smolensk kumsihi mfalme asilivunje neno. Hakusikilizwa. Mwezi wa Machi 1611 watu wa Moscow wakaondoka kupigana na Wapolandi, na sehemu kubwa ya mji ikateketea kwa moto. Mwaka 1612 askari wa Polandi waliobaki ndani ya ngome ya Kremlin, wakifa kwa njaa, wakajitoa. Yote yaliyopatikana kwa neno jema yakapotea kwa tamaa. Baadaye hetmani aliandika kitabu juu ya vita hiyo, akaeleza jinsi mambo yalivyokwenda.

Mwaka 1618 ndipo alipopata jina la Hetmani Mkuu, akiwa mzee wa miaka 71. Hakupewa muda wa kupumzika. Mwaka 1620 aliingia Moldavia na watu wapatao 8,000 au 9,000, kumsaidia mtawala wa nchi hiyo aliyejitenga na Sultani. Karibu na Cecora, juu ya mto Prut, akakutana na jeshi la Waturuki na Watatari lililokuwa kubwa kuliko lake. Mwezi wa Septemba alipigana, akashindwa. Usiku hofu ikaingia kambini: baadhi ya mabwana waliokuwa naye wakamtoroka, wakajitupa mtoni kwa farasi zao, wengine wakafa maji. Na watumishi wa kambi, walipoona mabwana wanakimbia, wakapora mizigo iliyoachwa.

Mzee hakuchanganyikiwa. Akaamuru magari ya kukokotwa yafungwe pamoja kwa safu, watu waende katikati kama ndani ya boma litembealo. Wakaanza kurudi nyumbani tarehe 29 Septemba. Muda wa juma zima adui waliwashambulia mchana na usiku, wakachoma majani mbele yao, lakini boma lile halikuvunjika. Tarehe 6 Oktoba mto Dniester, mpaka wa nchi yao, ulikuwa karibu sana. Hapo ndipo lilipoingia neno la hasira. Inasemekana mabwana wengine walianza kuwatisha watumishi: «Tukivuka tu, tutawaadhibu kwa wizi wenu». Wale watumishi, kwa kuogopa adhabu, wakashika farasi gizani na kukimbia. Wengine wakawafuata, na safu zikavunjika. Adui wakaingia.

Watu waliokuwa karibu na hetmani walimsihi apande farasi ajiokoe. Alikuwa na miaka 73, mguu wake mbovu, naye aliweza kwa haki kusema: «Nimefanya yangu». Alikataa. Inasimuliwa hata kwamba alimchoma farasi wake kwa upanga, ili askari wa miguu waone kwamba hatawaacha. Usiku ule akauawa pamoja nao. Kichwa chake kilipelekwa Konstantinopoli kwa Sultani. Mwanawe Jan akashikwa, na mkwewe Stanisław Koniecpolski, mume wa marehemu Katarzyna, akatekwa pia.

Tusimsahau Mama Regina. Katika masimulizi ya vita wanawake huachwa pembeni, lakini yeye ndiye aliyebeba mzigo wa baada ya vita. Alitoa mali nyingi akakikomboa kichwa cha mumewe, akakiunganisha na mwili, akamzika Żółkiew. Akamkomboa mwanawe pia. Naye Jan, ambaye majeraha yake hayakupona, akafa mwaka 1623.

Basi, mtu huyu aliacha nini? Moscow ilipotea. Jeshi lilipotea. Mwana wake wa pekee alikufa. Lakini binti yake Zofia aliolewa na Jan Daniłowicz, akamzaa Teofila. Na Teofila akamzaa Jan Sobieski, mwaka 1629. Mtoto huyo alilelewa Żółkiew. Wanasimulia kwamba Teofila aliwapeleka wanawe penye kaburi la babu yake, ambapo yaliandikwa kwa Kilatini maneno ya mshairi wa kale yenye kuomba mlipiza kisasi atoke katika mifupa ya marehemu.

Hapo sisi twasimama kidogo. Mkristo haombi kisasi. Bwana wetu alitufundisha msalabani kuwaombea wanaotuua. Hatupendi mtoto ye yote wa nyumba zetu afundishwe chuki kaburini. Mwatuuliza: Kwani Sobieski hakutoka katika maneno yale? Sisi twaona kilichomkuza ni kingine, nacho hakikuandikwa juu ya jiwe: nyumbani kwao kila mtu alijua kwamba mzee alipewa farasi akakataa, kwa sababu wadogo wake walikuwa wakitembea kwa miguu. Mwaka 1683 Sobieski hakwenda Vienna kulipa deni la babu yake, bali kuokoa mji wa watu wengine waliokuwa wanaangamia. Hiyo si kazi ya kisasi.

Enyi wababa na wamama, kati yetu wapo waliojenga nyumba ikaanguka, waliofanya biashara ikafilisika, waliotumikia wakubwa wasiojali neno lao. Wanaketi jioni kimya, wakidhani hawana urithi. Lakini watoto hawahesabu mali peke yake. Wanakumbuka kama baba alitimiza ahadi aliyompa jirani, hata ilipomletea hasara. Wanakumbuka kama siku ya shida alikuwapo au alitoroka. Wanakumbuka kama mama aliwakusanya waliotawanyika.

Jumapili hii, baada ya chakula, wasimulieni watoto habari za mzee huyu, na msiwafiche ya Solonytsia. Kisha waulizeni: «Kwa nini hakupanda farasi?» Sikilizeni watakayojibu.