Volteji Ikiyumba, Tushike Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kwa kawaida huelekezwa kwa wafanyabiashara. Leo naielekeza kwa walimu na wanafunzi wa Asumbi, katika Kaunti ya Homa Bay, mahali penye chuo cha ualimu na shule za miaka mingi. Mali ninayoizungumzia ni umeme.

Nani kati yetu hajaiona taa ikififia ghafla, kompyuta ikazimika, kisha mwanga ukarudi kana kwamba hapakuwa na lolote? Huo ni mporomoko mfupi wa volteji. Nyumba zetu huunganishwa na umeme wa volti 240. Wahandisi huhesabu mporomoko pale kiwango kinaposhuka hadi kati ya volti 216 na 24, kwa muda usiozidi dakika moja. Katika muda huo mfupi, kazi ya mwanafunzi ambayo haijahifadhiwa hupotea, na jokofu la zahanati huweza kudhurika.

Nasi hufanya nini? Hulalamika tu. Lakini malalamiko yasiyo na tarehe, saa wala kipimo ni rahisi kupuuzwa. Zaidi ya hayo, hutuchanganya sisi wenyewe, kwa maana miporomoko yote si ya aina moja.

Hapa ndipo takwimu zinapotufaa. Kila tukio lina namba mbili: volti zilizosalia na muda uliopita. Lichorwe kama nukta kwenye karatasi ya grafu. Baada ya miezi kadhaa, nukta zitaanza kujikusanya. Chagua vituo vitatu, kila nukta uipe kituo kilicho karibu nayo, tafuta wastani wa kila kundi, usogeze kituo hapo, kisha urudie mpaka vituo vitulie. Njia hii, iliyobuniwa na Stuart Lloyd mwaka 1957, haihitaji hesabu ngumu kuliko wastani na umbali. Tahadhari ni moja: namba hizo mbili zigawanywe kwanza kwa mchepuko sanifu wa kila moja, la sivyo volti zitazimeza sekunde.

Makundi hayo hayatatutajia chanzo. Ni lazima tuyalinganishe na saa na hali ya hewa. Kundi la miporomoko mikubwa ya chini ya sekunde moja, likiandamana na mvua ya alasiri, laelekeza kidole kwenye radi au matawi yanayogusa nyaya. Nalo bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Kundi la miporomoko midogo ya sekunde kadhaa, saa za kusaga unga, laelekea kwenye mota za vinu, ambazo zikiwashwa huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida. Na volteji ikibaki chini kwa saa nzima, hilo ni tatizo jingine: laini ndefu au transfoma iliyolemewa.

Kila ugonjwa una dawa yake. Kukata matawi hakutamsaidia aliyesumbuliwa na kinu, wala transfoma mpya haitazuia radi.

Kuna watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya shirika la umeme. Sikatai. Lakini mgonjwa anayeeleza maumivu yalianza lini hutibiwa upesi kuliko anayeugua tu. Voltimita ya kawaida haiwezi kunasa tukio la nusu sekunde. Kwa hiyo shule zishirikiane kununua kifaa kimoja cha kunakili volteji, kifungwe na fundi aliyehitimu, kamwe si na wanafunzi. Wanafunzi kazi yao iwe kusoma namba, kuchora na kupambanua.

Somo la takwimu limefundishwa miaka mingi kwa alama za wanafunzi wa kubuni. Alama halisi zinapita juu ya vichwa vyetu kwenye nyaya kila siku. Tuziandike.