DAMU YA MFANYA KAZI NI DAFTARI



Mwenzetu akivunjika mguu kazini, kila mtu aona, wala mwajiri hawezi kukana. Mionzi haionekani wala haina harufu. Mtu aweza kuipata leo, akaenda nyumbani na kula ugali wake kama kawaida. Miaka ikipita akiugua, ataambiwa hayo ni maradhi ya ukoo wake.

Mimi si daktari, elimu yangu ni ya misheni, tena ya chini. Lakini jambo hili nimelisoma nikalifahamu.

Ndani ya kila chembe ya mwili mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. Kila uzi una kiuno kimoja, ndipo mahali unaposhikwa chembe inapogawanyika. Mionzi huzikata nyuzi hizi. Mwili hujaribu kuziunga, na mara nyingine huunga vibaya, uzi mmoja ukapata viuno viwili. Basi huvutwa huku na huku, kama behewa lililofungwa injini mbili zinazokwenda mbali mbali. Tangu miaka ya 1960 wataalamu huchukua damu, huzikuza chembe zake kwa saa 48 hivi, kisha huhesabu nyuzi hizo kwa hadubini. Kwa mtu wa kawaida huonekana mmoja hivi katika chembe elfu. Zikizidi, hukadiriwa kiasi cha mionzi alichopata.

Mwaka 1987, mjini Goiânia, nchi ya Brazil, waokota vyuma walifungua mashine ya matibabu iliyoachwa katika jengo tupu, na unga wa sesiamu ukaenea majumbani. Watu wanne walikufa. Nani kati yao alivaa beji ya kupimia? Ilibidi damu iulizwe.

Kwa hiyo nasema, wenzetu wa eksirei hospitalini, na wale wanaopiga picha vyuma vilivyochomelewa, wadai beji kila siku, maana hesabu ya damu haioni mionzi kidogo kidogo. Ajali ikitokea, damu ipimwe upesi, kwani alama hizo hupungua miaka ikipita. Mkataba namba 115 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1960, wataka wafanya kazi hao wapimwe afya na wafundishwe kujilinda.

Tena majibu asomewe mwenye damu. Zamani, kwa mwajiri mmoja, nilipimwa kifua, karatasi ikafungiwa kabatini. Mpaka leo sijui iliandikwa nini. Naomba Katibu alipeleke jambo hili katika mkutano ujao na waajiri.