Mdudu ana miguu mingapi?

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya wadudu, na mtuwie radhi kama mnasoma ukurasa huu mezani.

Mtoto wetu wa darasa la nne alirudi na zoezi la Sayansi: alete wadudu watano ndani ya chupa. Hapa Chanika hilo si jambo gumu. Kabla jua halijazama alikwisha kupata panzi, nzi, sisimizi, buibui na jongoo. Kesho yake alirudi na alama tatu kwa tano, uso umemshuka. "Mama, si wewe uliyeniambia buibui ni mdudu?"

Ni kweli tulimwambia. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, karibu kila kinachotambaa na kuuma ni mdudu. Nge ni mdudu, tandu ni mdudu, na tukipima damu tunaambiwa tuna wadudu wa malaria. Mwalimu alikuwa na maana nyembamba zaidi, wala hakukosea. Basi jioni ile tulikaa naye, daftari mkononi, tukajifunza pamoja. Mengine tulikuwa tumeyasoma zamani tukayasahau.

Tulianza na panzi kwa sababu ni mkubwa, na asubuhi kukiwa na baridi haruki upesi. Mwili wake una sehemu tatu. Kichwani kuna macho makubwa na vipapasio viwili. Kifua ndicho kinachobeba miguu sita na mbawa. Nyuma kuna tumbo lenye pingili. Buibui ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili, kwa hiyo yeye, nge na kupe ni ukoo mwingine. Jongoo miguu yake haihesabiki kwa urahisi. Tukamwonyesha mtoto vitundu vidogo sana ubavuni mwa panzi: hapo ndipo anapovutia hewa, maana mdudu hana pua wala mapafu. Tafadhali mkumbuke vitundu hivyo, tutavirudia tukifika kwenye mahindi.

Koo za wadudu zenyewe ni nyingi, lakini mtoto anaweza kuanza na mbawa. Nzi na mbu wana mbawa mbili tu. Kipepeo na nondo wana nne, zenye unga unaobaki kidoleni. Mbawakawa wana mbawa za juu ngumu kama gamba, na hapo ndipo walipo fukusi na dumuzi. Nyuki, nyigu, siafu na sisimizi ni ndugu, tazama kiuno kilivyo chembamba. Bibi yake alisema na mchwa aingie humo. La, mama, mchwa kiuno chake ni kinene, na jamaa yake wa karibu ni mende. Kumbikumbi tunaowakaanga mvua zinapoanza ni mchwa hao hao walioota mbawa ili waende kuanzisha kichuguu kipya. Bibi alicheka, akasema mende hajawahi kumla.

Jambo lililomshangaza zaidi mtoto ni kukua kwao. Wako wanaozaliwa wakifanana na wazazi, ila hawana mbawa, kama mtoto wa nzige aitwaye tunutu. Fungueni Yoeli sura ya 1 mtawakuta tunutu, nzige, parare na madumadu wakitajwa kwa zamu, na wapo wafafanuzi wanaodhani kwamba ni nzige yule yule katika hatua mbalimbali. Wengine hupita hatua nne: yai, lava, pupa, kisha mdudu kamili, na lava hafanani na mzazi hata kidogo. Yule kiwavijeshi vamizi aliyeingia nchini mwaka 2017 na kutafuna mioyo ya mahindi yetu, mama yake ni nondo wa rangi ya udongo anayeruka usiku. Hutaga mayai mengi kwa fungu moja juu ya jani. Mtoto akilijua fungu hilo, analiponda kwa vidole kabla halijaangua.

Sasa tuje kwenye dumuzi, kwa maana yeye tulimlipia ada. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa kwetu alibainika mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea. Mwaka mmoja tuliweka mahindi ghalani yakiwa bado kwenye magunzi, jambo analolipenda sana. Tulipoona unga chini, tulipukuchua, tukapepeta, tukaanika juani siku nzima, tukarudisha kwenye magunia yale yale tukimshukuru Mungu. Baada ya kama mwezi mmoja unga ulikuwa umerudi, na magunia manne yakawa pumba na vumbi. Tulimlaumu kila mtu, hata jirani, kwamba ametuloga.

Kumbe tuliokuwa tumewapepeta ni wale wazima tu. Dumuzi jike hutoboa punje na kutaga humo humo. Lava anakula ndani, anakuwa pupa ndani, na penye joto huchukua kama mwezi hivi kutoka yai hadi kutoka akiwa mzima. Tulirudisha kizazi kizima gunia kwa gunia. Mtoto alipochora duara la hatua nne kwenye daftari lake ndipo na sisi tulipoelewa hasara yetu.

Siku hizi tunapukuchua mapema na kuchoma magunzi ya mwaka uliopita. Tunasafisha ghala na kukausha mahindi sawasawa. Kama huna uhakika kuwa yamekauka, tia punje kiasi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikigandia chupa, anika tena. Kisha tunatumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje, kila mmoja ukifungwa peke yake baada ya kukamua hewa. Hapo mkumbuke vile vitundu vya ubavuni. Hewa ikiisha, dumuzi, mayai na lava wake wote wanakosa cha kuvuta, hata waliojificha ndani ya punje. Mfuko usifunguliwe kila wiki kuchungulia. Hilo ndilo kosa la wengi wetu.

Swali jingine la mtoto lilitunyamazisha: "Mama, wadudu wa malaria nao wana miguu sita?" Hapana. Hao ni vimelea, kila kimoja ni chembe moja tu hai, wala havionekani bila darubini. Mwenye miguu sita ni mbu anayevibeba, tena jike peke yake, kwa sababu anahitaji damu kwa ajili ya mayai. Mama anayedhani "wadudu" wameisha kwa kuwa homa imeshuka siku ya pili, huacha dawa mseto njiani, na dozi yake ni siku tatu kamili. Tunalisema kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kufanya hivyo.

Handeni tunatunza maji kwenye mapipa, kwa hiyo darasa la mbu liko mlangoni. Tulichota maji yenye viluwiluwi, tukafunga mdomo wa chupa kwa kitambaa, na kwa siku chache mtoto akaona lava, pupa, hatimaye mbu. Hawa wa pipani walikuwa wakining'inia kichwa chini. Wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, na hupenda zaidi vidimbwi na kingo za malambo. Lakini wa pipani asidharauliwe: mwenye madoa meupe miguuni hueneza homa ya dengi, iliyowapata watu wengi Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019. Pipa sasa lina mfuniko, na mlinzi wake ana miaka kumi.

Juzi alileta kupe mdogo kutoka kwa mbuzi wa bibi, akipiga kelele kwamba ana miguu sita. Tulihesabu mara mbili, ikawa kweli. Bwana mifugo ndiye aliyetutoa gizani: kupe huanguliwa na miguu sita, na ile miwili huipata baadaye. Mtoto ameandika hilo daftarini kwa herufi kubwa, apate kumwuliza mwalimu.