*TAMKO LA TAWI: KADI ISOME JINA LAKO KABLA HUJAFIKA MPAKANI*



Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, sisi wa Kibiti na Rufiji tuliacha kusubiri kivuko ili kwenda kusini. Mwaka 2010 likafunguliwa Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma, pale Mtambaswala. Leo gari likitoka Kibiti, likapita Lindi, Masasi na Mangaka, linaingia Msumbiji kwa magurudumu yake. Vijana wetu wenye Noah na Fuso wameiona fursa hiyo.

Msimamo wa tawi ni huu: kikwazo kikubwa hakipo mpakani. Kinaanzia hapa nyumbani, siku mtu anaponunua gari la mkononi na kuiacha kadi katika jina la muuzaji.

Gari likivuka, nchi ya pili hulipokea kama mgeni. Linaingia bila kulipiwa ushuru kwa ahadi kwamba litatoka. Kibali cha kuingiza gari kwa muda ndiyo ahadi yenyewe, na afisa wa forodha lazima ajue ni nani anayeahidi. Kadi yenye jina la mtu mwingine haimwambii.

Kwa hiyo, mwenye safari ajiandae hivi:

1. Kadi halisi ya gari, jina lako. Kama gari si lako, beba barua ya idhini ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili.
2. Hati ya kusafiria na leseni ya udereva iliyo hai.
3. Bima. Bima ya kawaida inaishia mpakani. Kwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na Zambia omba Kadi ya Njano kwa kampuni yako ya bima. Msumbiji haimo katika mpango huo. Huko utakata bima ya kwao.
4. Soma tarehe ya mwisho ya kibali, na ukirudishe unapotoka. Muda ukipita, gari linaweza kukamatwa na kudaiwa ushuru.

Sheria hiyo inatuhusu hata tusiosafiri. Gari la namba za nje lililoingia kwa kibali cha muda haliuzwi hapa mpaka lilipiwe ushuru. Ukishawishiwa kwa bei ya kutupa, jua kwamba linaweza kuchukuliwa mbele ya mlango wako, na fedha yako imekwenda.

Tunajua kuhamisha umiliki TRA kuna gharama, na muuzaji akishahama kumpata ni kazi. Kwa mwanachama wa Mbwera au Salale ni zaidi: anapanda boti kwanza, ndipo atafute usafiri wa barabara, akiwa hana hakika kama karatasi zake zimetimia. Akirudishwa kwa kukosa karatasi moja, nauli ya siku mbili imepotea.

Kwa sababu hiyo tunawataka madiwani wetu wapeleke hoja kwenye Baraza: maafisa wa TRA wafike Nyamisati kwa siku zinazotangazwa mapema, wahamishe umiliki wa magari na pikipiki papo hapo. Mlipakodi wa delta ana haki ya huduma sawa na wa mjini.

Nanyi wanachama, msingoje siku hiyo. Ukinunua chombo, usimwache muuzaji aondoke kabla hamjasaini mkataba na kuanza uhamisho.

Tafadhali msomee na asiye na simu.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi*