Tarehe Isiyo na Mwanzo ni Fumbo

Mzee wa Mbuba, wilayani Ngara, akiulizwa umri wa mwanawe, huenda akajibu kwamba alizaliwa masika ya pili baada ya wakimbizi wa Rwanda kuvuka daraja la Rusumo. Anayejua kuwa watu wale walivuka Aprili 1994 ataupata mwaka mara moja; asiyejua ataambulia fumbo. Hata hivyo jibu la mzee halina upungufu: lina idadi, lina kipimo, na lina tukio la kuanzia.

Kompyuta nayo huhesabu vivyo hivyo. Haihifadhi maneno "9 Desemba 1961", bali huhifadhi idadi, ambayo mara nyingi huonyeshwa kwa namba za heksadesimali, yaani za mfumo wa kumi na sita, ambamo A ni 10 na F ni 15. Katika aina moja ya tarehe za Microsoft SQL Server, sehemu ya kwanza ni idadi ya siku tangu 1 Januari 1900. Tuseme imeandikwa 0000585E. Mwanafunzi na aikokotoe kwa kalamu:

5 × 4,096 = 20,480
8 × 256 = 2,048
5 × 16 = 80
E = 14

Jumla ni siku 22,622. Miaka 61, kuanzia 1900 hadi mwisho wa 1960, ina siku 22,280, kwa kuwa 15 kati yake ni mirefu. Zinabaki 342, nazo zikihesabiwa tangu 1 Januari 1961 zinatufikisha 9 Desemba 1961, siku ya Uhuru wa Tanganyika.

Lakini mpe idadi hiyo hiyo mtu anayeanza kuhesabu 30 Desemba 1899, kama zifanyavyo baadhi ya programu za majedwali: atapata 7 Desemba. Hesabu yake ni sahihi, na tarehe yake ni ya uongo. Mifumo mingine huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Humo mtoto aliyezaliwa Ngara saa saba usiku ataandikwa siku ya jana yake, iwapo msomaji atasahau kuongeza saa tatu zetu.

Watasema wengine kwamba kazi hii ni ya programu, si ya mwanafunzi. Hoja hiyo haitoshi. Programu hubadilishwa, wataalamu huhama, na kumbukumbu hubaki. Siku shule au zahanati itakapofungua jalada la zamani na kukuta namba tupu, atakayeokoa tarehe ya kuzaliwa au ya chanjo ni yule anayejua kukokotoa na kuuliza: tangu lini?

Kwa hiyo yatupasa mambo mawili. Kwanza, kila mfumo unaopokewa na shule, zahanati au halmashauri uambatane na maandishi yanayotaja siku ya kuanzia, kipimo, na saa za mahali zinazofuatwa; ukurasa mmoja watosha. Pili, walimu wa hisabati wasiufundishe mfumo wa kumi na sita kama mchezo wa tarakimu. Wawape wanafunzi tarehe halisi waifumbue, kisha wawatume kwa wazee wao wakajifunze jinsi siku zilivyohesabiwa kabla ya kalenda kutundikwa ukutani. Watatambua kwamba kanuni ni moja.